Siku Sungura Alipotoka Ndani

Hadithi hii ina hasira, tuelewane mapema. Anayetaka ya kuchekesha aende jikoni akasaidie kumenya viazi. Wanaobaki wakae vizuri na waache kunong'ona, maana humu kuna aliyeonewa, na mpaka leo hajaombwa radhi.

Zamani, watu hawajajua bado kutengeneza kibanda cha sungura, sungura alikaa ndani. Si uani, si chini ya ghala, si kwenye tenga lililofungwa kamba. Ndani, pale pale watu walipolala na kulia chakula. Katika kijiji cha Kironge, kule milimani kwenye ukungu, kila nyumba ilikuwa na sungura wake, naye alitembea atakavyo. Alipita uvunguni mwa kitanda, akazunguka mitungi ya maji, akajinyoosha karibu na mafiga baridi ilipozidi. Hakuna aliyemfukuza. Mgeni akiingia na kumkuta sungura amelala katikati ya njia, mgeni ndiye aliyezunguka.

Wapo watakaowaambia habari za masikio yake, kwamba sijui alivutwa na nani mpaka yakarefuka. Porojo tupu. Masikio yake yalikuwa marefu tangu mwanzo. Alichokuwa nacho siku zile na leo hana ni sauti. Alisema maneno kama watu, kwa sauti nyembamba ya upole, na alikuwa na tabia mbili tu katika kusema kwake. Hakujua uongo, na hakusema asichoulizwa.

Watu walimpenda kwa hilo, tena sana. Mtu akipoteza kitu ndani ya nyumba, hakuhangaika kupekua. Aliinama tu akauliza, "Mwenzetu, hujaona kisu changu?" Na sungura, kwa kuwa hakuna pembe ya nyumba asiyopita, alijibu, "Kiko nyuma ya kinu. Ulikiacha jana ulipokuwa unamenya ndizi." Mtu akachukua kisu chake, akashukuru, akaendelea na shughuli. Walimwita mwenzetu kwa kinywa kipana. Wala haikumpitikia hata mmoja wao kwamba macho yanayoona kisu nyuma ya kinu yanaona na mengine yote.

Basi katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke aitwaye Saru, na sungura wake aliitwa Majivu, kwa rangi yake na kwa kupenda kulala karibu na moto. Na hapa lazima tuseme kidogo kuhusu moto, kwa sababu ndio ulioleta balaa lote.

Msichana wa Kironge alipoolewa, mama yake alichukua kaa moja jekundu kutoka katika moto wake mwenyewe, akaliweka kwenye kigae chenye majivu, naye bibi harusi akalibeba mikononi mpaka kwa mumewe. Hapo akawasha moto wa nyumba yake, na moto huo haukuzimwa tena. Ulifunikwa asubuhi, ukafukuliwa jioni. Maadamu ulikuwa hai, nyumba ilikuwa ya mke na watoto walikuwa wa mke. Mume akimchoka, mume ndiye aliyefunga virago. Lakini moto ukimfia mke, alirudi kwao na kigae kitupu, na watoto akawaacha. Msiulize ni nani aliyetunga sheria hiyo. Aliyeitunga, kwa hakika, hakuwahi kwenda kutafuta kuni zilizoloa wakati wa masika na mtoto mgongoni.

Mume wa Saru aliitwa Mwadime, mtu mrefu, mwenye maneno laini mbele za watu. Mwadime alikuwa amempata mwanamke mwingine upande wa pili wa mlima. Hilo peke yake lisingewashangaza watu wa Kironge, maana waliofanya hivyo walikuwapo, na walisema wazi, wakatoka, wakaenda kuanza upya. Mwadime hakutaka kuanza upya. Alitaka nyumba aliyoikandika Saru kwa udongo, alitaka shamba la magimbi, alitaka na watoto, binti yake Wakesho na mdogo wake wa kiume, Mwaluma. Alitaka kila kitu kibaki mahali pake isipokuwa mke. Na tena alitaka watu wamwonee huruma.

Asubuhi moja Saru alifunika moto wake kama kawaida, akachukua jembe, akateremka bondeni kuchimba magimbi. Watoto walikuwa kwa mama mkwe wake, Mkawasi. Aliporudi na tenga kichwani, alimkuta Mwadime ameketi nje juu ya jiwe, anachonga mpini.

"Moto wako umekufa," alisema, bila hata kuinua macho.

Saru alitua tenga, akaingia ndani, akapiga magoti penye mafiga. Akatia mkono. Majivu hayakuwa baridi tu, yalikuwa yameloa na kushikana tope, na maji mengine yalikuwa bado yanatiririka taratibu kuelekea ukutani. Mtungi wa maji alioujaza mwenyewe alfajiri ulikuwa umepungua. Saru hakulia. Damu ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Kama ni kuchokwa, angechokwa, hayo yanatokea kwa watu. Lakini kutegewa mtego ndani ya nyumba yako, na mtu uliyemwachia nyama iliyonona jana yake tu!

"Umefanya nini, Baba Wakesho?"

"Mimi?" Mwadime alitazama mpini wake kama uko sawasawa. "Moto ni wa mke. Mimi nina habari gani na moto?"

Na kabla jua halijafika utosini, alikuwa ameshawaita wazee.

Wazee wa Kironge walikaa kwenye mawe yao kando ya zizi la ng'ombe, na kijiji kizima kikaja, kama kawaida ya vijiji panapokuwa na mtu wa kuaibishwa. Wengine walikuja na sungura wao wakiwafuata nyuma, kwa kuwa siku zile sungura alikwenda popote mwenye nyumba alikokwenda. Aliyeongoza baraza alikuwa Mzee Righa, mwenye ndevu nyeupe na sauti nzito. Alimwangalia Saru kwa huruma ile inayotolewa kwa mtu ambaye hukumu yake imeshapita.

"Saru mwanangu, moto umekufa au haujafa?"

"Umeuawa, mzee. Umemwagiwa maji."

"Na nani?"

"Na huyu hapa, mume wangu."

Watu wakaguna, kisha wakacheka. Mwanamume na mafiga wapi na wapi? Mkawasi, mama yake Mwadime, alisimama akapiga makofi kwa mshangao. "Jamani, mwanangu! Mwanangu hajui hata mtungi wa maji unakaa upande gani wa nyumba!"

Hebu fikirini. Mtu mzima, ameishi katika nyumba hiyo tangu alipooa, amekunywa maji ya mtungi huo kila siku ya Mungu, na mama yake anajisifu hadharani kwamba hajui ulipo. Na wazee wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba ametoa ushahidi mkubwa. Ikasemwa kwamba labda Saru mwenyewe alijikwaa na maji akaogopa kusema. Ikasemwa kwamba wanawake wa siku hizi wana mikono mizembe. Mwadime aliinamisha kichwa, na kila aliyempita alimshika bega kumpa pole. Wakesho alikuwa amekwisha elewa. Alishika nguo ya mama yake kwa mikono yote miwili, akaanza kulia kwa sauti ya chini, kama watoto wanavyolia wanapojua kwamba hakuna atakayewasikiliza.

Kilio hicho ndicho kilichomfanya Saru aseme lile ambalo halijawahi kusemwa katika baraza lile.

"Muulizeni Majivu."

"Nani?" aliuliza Mzee Righa.

"Sungura wangu. Alikuwa ndani."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Mzee Righa mwenyewe alitabasamu. "Mwanangu, sungura ni wa kuulizwa visu. Haya ni mambo ya watu."

"Alipokuonyesha kibuyu chako cha ugoro kilipokuwa, mzee, siku ile uliyokuja kwetu na kukisahau, ulimwamini," alisema Saru. "Hukusema ni mambo ya watu. Ulimwamini, ukaenda moja kwa moja, ukakikuta."

Kicheko kikamhamia Mzee Righa, naye hakukipenda. Lakini hakuwa na pa kukwepea. Kila mtu pale alikuwa amewahi kumwuliza sungura jambo, na hakuna aliyewahi kujibiwa uongo. Akainua mkono. "Haya, na aje."

Majivu alitoka katikati ya miguu ya watu, akaruka polepole kuelekea mbele ya mawe ya wazee. Na ni wakati huo, sungura akiwa hajafika, ndipo Saru alipokumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imemsahaulisha.

Masika iliyopita Mwaluma aliugua, mwili ukimwaka, na Mwadime hakuwapo, alikuwa upande wa pili wa mlima. Saru alimkumbatia mtoto siku nzima bila kumtua, na alipokuja kuangalia moto, ulikuwa umekufa. Umekufa wenyewe, hakuna aliyeumwagia maji. Hakumwambia mtu. Alijifunika gunia akakimbia mvuani hadi kwa jirani yake, Mkanyika, akapewa kaa kwenye kigae, akarudi akawasha. Mtoto akapona. Moto ukaendelea kuwaka, na kila aliyeuona aliuita moto wa mama yake Saru. Katika nyumba hiyo, ukimtoa Saru, ni mmoja tu aliyejua kwamba haukuwa wa mama yake. Alikuwa amelala kando ya mafiga siku ile, macho wazi, na sasa alikuwa anasimama mbele ya wazee.

Kama wangemwuliza, "Je, moto huu ni ule aliopewa na mama yake?" angejibu. Na Saru angeondoka siku hiyo hiyo na kigae kitupu.

"Wewe," alisema Mzee Righa, akikohoa kidogo, kwa kuwa hakujua amwite nani. "Nani alimwaga maji katika moto wa Saru?"

"Mwadime," alisema Majivu. "Alichota kwa kata akamwaga, akachota tena akamwaga. Maji yalipomrukia miguuni, alijifuta kwa nguo aliyovaa."

Macho yote yakaenda kwenye nguo ya Mwadime. Pindo lake lilikuwa na doa la majivu, limekauka likawa kama chokaa. Mwadime alilifunika kwa mkono, na kwa kulifunika akawa amekwisha hukumiwa.

Mngetarajia watu washangilie, wamnyanyue Saru, wamzomee yule muungwana wa maneno laini. Wapi! Kila mtu alikuwa anamtazama Majivu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuwatazama sungura wao wenyewe, waliokaa miguuni pao wametulia na masikio yao marefu.

Mkawasi peke yake hakuelewa kilichokuwa kinatokea. Aliruka kwa hasira, kidole juu. "Aha! Kama anajua yote, basi na aulizwe yote! Muulizeni na huyu mke tangu aingie nyumba ile amefanya nini na nini! Muulizeni..."

"Keti chini, Mkawasi!" Mzee Righa alifoka mpaka ng'ombe wakashtuka zizini. Pembeni yake, karibu na nguo ya mkewe, sungura wa nyumba yake alikuwa ameinua kichwa. "Hakuna atakayeulizwa lolote tena. Baraza limekwisha. Mwadime atatoka. Nyumba ni ya Saru na watoto ni wa Saru. Aende kwa mama yake akachukue kaa jipya, kwa heshima. Tumemaliza!"

Hivyo ndivyo Saru alivyookoka. Aliokolewa na sungura aliyesema kweli, na aliokolewa pia na woga wa watu waliokuwa na yao ya kuficha. Lakini siku hiyo hakujishughulisha na hesabu hizo. Aliwakumbatia watoto wake, akaenda nao kwao ng'ambo ya bonde, akalala huko. Mama yake alimpa kaa jekundu kuliko yote, na Saru alilibeba njia nzima akilipulizia kila lilipofifia.

Alipokaribia Kironge siku ya pili yake alisikia kelele za mashoka. Alidhani watu wanajenga ghala. Alipoingia kijijini akaona wanachojenga. Kila uani palikuwa na kijumba kidogo cha fito, cha kumfikia mtu gotini, chenye mlango wa kufungwa kwa kamba kwa nje. Na ndani ya kila kijumba palikuwa na sungura.

"Nimekosa nini?" mmoja alikuwa anauliza, yeye ambaye hakuzoea kusema asichoulizwa. "Jamani, nimekosa nini?" Na mwingine, uani kwa pili, alikuwa anauliza vivyo hivyo. Watu walipita wakitazama pembeni.

Saru aliweka kigae chake nyumbani, akawasha moto wake, akatoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na wenyewe walieleza, tena bila aibu. Huyu alisema sungura ananuka. Yule alisema anakojoa mikekani. Mwingine alisema anasambaza manyoya na manyoya yanaleta kikohozi. Vizazi na vizazi sungura amelala uvunguni mwao, hakunuka, hakukojoa, hakumletea mtu kikohozi. Siku moja tu baada ya kusema kweli mbele ya watu, amekuwa uchafu! Na waliosema hayo si Mwadime na mama yake. Ni watu wema, watu waliokuja kumwamkia Saru na kumpa pole na hongera kwa pumzi moja.

"Juzi mlikuwa mnamwita mwenzenu!" Saru aliwafokea. "Juzi mlimwinamia mkimwuliza visu! Mnamwogopea nini, kama hamna mnachoficha?"

Mzee Righa alikuwa anakaza kamba ya mlango wa kijumba chake, mwenyewe, kwa mikono yake. "Saru mwanangu, wewe umeshinda. Nenda kapike ule na wanao. Nyumba ya mtu ina mambo yake."

"Nimeshinda kwa sababu yake!"

"Basi kaa naye," alisema Mzee Righa. "Hatukulazimishi. Nyumba ni yako, amua mwenyewe."

Aliendelea hivyo mpaka akafika kwa Mkanyika, jirani yake, rafiki yake, yule aliyempa kaa wakati wa mvua. Na kwa Mkanyika pia kijumba kilikuwapo. Saru alisimama mbele yake, akakionyesha kwa kidole.

Mkanyika hakugombana. Alimvuta kando, mbali na masikio ya watu na ya sungura. "Dada, punguza sauti," alisema. "Wewe shukuru tu kwamba hawakumwuliza ya masika. Lakini Mkawasi yuko hai, tena ana donge. Iko siku atapata nafasi ya kuuliza."

Saru alirudi nyumbani bila kupita kwa mtu mwingine.

Jua lilikuwa linashuka. Moto wake mpya ulikuwa unawaka vizuri, na Majivu alikuwa amejinyoosha pembeni yake. Kando ya ukuta, nje ya mlango, palikuwa na tenga kubwa lenye mfuniko, jipya. Mkawasi alikuwa amelileta na kuliacha pale, na maana yake haikuhitaji maelezo. Kutoka nyua zote za Kironge sauti nyembamba zilikuwa bado zinasikika, zikiuliza lile swali lao. Lakini sasa walikuwa wameongeza jambo. Walikuwa wanaulizana wao kwa wao, kutoka kijumba hadi kijumba, kama kwa Saru bado kuna mwenzao aliye ndani.

Majivu aliinuka akaja akasimama mbele yake. Hakuwahi kumwuliza mtu jambo maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kujibu.

"Mama Wakesho," alisema, "unataka nibaki?"

Saru alifungua kinywa kusema ndiyo. Tumtendee haki, neno lilikuwa ndiyo, na lilikuwa njiani. Lakini kabla halijafika aliona mvua ya masika, aliona gunia kichwani mwake na kaa la Mkanyika kwenye kigae. Akamwona Mkawasi amesimama mbele ya mawe ya wazee, kidole juu. Akaona watoto wake wanashikwa mikono na kuvutwa upande mwingine. Haya yote yalimpitia haraka sana, haikuzidi pumzi moja. Kisha akasema.

"Ndiyo. Ndiyo, baki, Majivu."

Sungura alimtazama. Asiyejua uongo hutambua mapema sauti ya mtu aliyesita. Hakumlaumu, hakumkumbusha la baraza, hakusema kwamba bila yeye angekuwa njiani na kigae kitupu. Aligeuka, akaruka juu ya kizingiti, akaenda hadi kwenye lile tenga, akaingia mwenyewe, akakaa akiangalia upande wa ukuta.

Saru alimkimbilia. Akapiga magoti, akamwita, akaapa, akasema anamtaka, anamtaka kweli, nyumba ni yake kama ilivyo yao. Wakesho naye alikuja akamwita. Majivu aligeuza kichwa, na pua yake ikacheza, ikacheza, kama mtu aliye karibu kutamka. Hakutamka. Alipiga ardhi kwa mguu wa nyuma, pigo moja zito, na kijiji kizima kikalisikia. Na pale pale, katika nyua zote za Kironge, zile sauti nyembamba zikanyamaza.

Walipokuja kuona asubuhi kwamba kumekuwa kimya, watu walifurahi. Kuna waliofungua vijumba wakauliza visu vyao viko wapi, kwa mazoea tu. Hawakujibiwa. Wakaudhika! Mtu amekifungia kiumbe nje kwa sababu kina sauti, kisha ananuna kwamba hakisemi naye. Saru peke yake hakuuliza kitu. Alimpelekea Majivu majani mabichi kila siku, akaliacha tenga wazi, akamwonyesha mlango wa nyumba uliokuwa wazi pia. Wakati mwingine Majivu aliingia, akazunguka uvunguni na penye mitungi. Lakini hakulala tena karibu na moto. Alianza kutafuna. Alitafuna kamba za kitanda, alitafuna ukingo wa mkeka, alitafuna na mpini wa jembe. Watu walimshauri Saru amchape. Saru akawaambia watoke nyumbani kwake.

Na tangu siku hiyo sungura hasemi. Tangu siku hiyo pua yake haitulii, na akighadhibika hupiga ardhi kwa mguu. Daktari wa mifugo atawaambia anatafuna kwa sababu meno yake yanakua bila kukoma, na daktari ni mtu wa kuheshimiwa, aachwe na elimu yake. Lakini mdomo ulionyimwa kazi yake lazima utafute nyingine, na ndiyo maana mkimwachia leo atembee ndani ya nyumba zenu za saruji, hamwishi kulia: ametafuna waya wa redio, ametafuna chaja ya simu, amekula mguu wa kochi la wageni. Mnapiga kelele, mnaita mtu aje amtoe. Hamtazami alichokifanya kabla ya kuanza kutafuna. Kwanza huja katikati ya chumba, akasimama kwa miguu ya nyuma, akawatazama usoni mmoja mmoja, pua ikicheza. Anawauliza kama mnataka abaki. Nanyi hapo hapo mnaanza kumtafuta aliyesahau kufunga kibanda.